Kumbukumbu Aliyopewa Stumai

Bonifasi alipoambiwa kwamba kaka yake amefariki na ameshazikwa, aliomba maji ya kunywa.

Aliyemwambia ni mkewe, Asnath, akiwa amekaa pembeni ya kitanda cha hospitali huko Kiomboi. Alikuwa amejiandaa tangu asubuhi. Aliwaomba wauguzi wawe karibu, akasogeza stendi ya dripu ili mumewe asije akaiangusha akianza kujirusha. Bonifasi alikunywa maji, akamrudishia kikombe, akauliza kama mvua imenyesha nyumbani. Asnath akasema imenyesha.

"Basi watu watakuwa shambani," Bonifasi akasema, akageukia ukutani na kulala.

Mwanzoni kila mtu alidhani hajaelewa. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa bandeji mpaka kwenye nyusi, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuwa na fahamu. Lakini alikuwa ameelewa. Kesho yake alimweleza mgonjwa wa kitanda cha jirani kwamba walikuwa wawili shimoni, yeye na kaka yake Gaspari, na kwamba kaka yake hakutoka. Alieleza kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kwenda sokoni.

Duara lao, yaani shimo la kuchimbia, lilikuwa Sekenke, kwenye machimbo ya zamani ambako wachimbaji wadogo bado wanafuata dhahabu iliyobaki. Gaspari na Bonifasi walichimba pamoja tangu ujana. Kiangazi walikuwa shimoni, mvua zikianza walikuwa shambani, na katika miaka yote hiyo hawakuwahi kuwa na ugomvi uliolala. Mwaka ule mvua ziliwahi. Walikuwa wameshakubaliana wafunge kazi wiki ileile waende kulima. Maji yakapenya, matimba, yale magogo ya kuzuia kuta, yakaachia, na ardhi ikashuka. Mwenzao Mughwai, aliyekuwa juu akivuta mifuko ya mawe kwa kamba, ndiye aliyepiga kelele kuita watu. Bonifasi alifukuliwa mapema kwa sababu alikuwa karibu na mdomo wa duara. Gaspari walimkuta mwisho kabisa wa njia, kwenye mwamba wanakochimbia.

Katika yote hayo Bonifasi hakukumbuka hata moja. Alikumbuka uji wa alfajiri, moto kidogo, na Asnath akimwambia afunge kamba ya kiatu. Kilichofuata ni dari ya hospitali.

Aliporudishwa nyumbani, Asnath alianza kuona kwamba mume aliyerudi naye si yule aliyeondoka. Alikuwa mpole, tena mpole kupita kiasi. Alikuwa akisahau alichotumwa kabla hajafika mlangoni. Aliweza kutia chumvi kwenye mboga, akageuka, akatia tena. Harufu alikuwa hasikii. Siku moja maharage yaliungua mpaka jirani akaja, na Bonifasi alikuwa amekaa jikoni hapohapo. Haya Asnath angeyavumilia. Kilichomtisha ni siku walipokwenda kuweka msalaba wa saruji kwenye kaburi la Gaspari. Watu waliimba, wakalia, mchungaji akaomba mara mbili kwa sababu sauti ilimkatika. Bonifasi alisimama mbele kabisa, uso umetulia. Walipomaliza alimwambia fundi kwamba mchanga umezidi kwenye ule mchanganyiko, msalaba utapasuka.

"Ni kama mguu uliokufa ganzi," Asnath alimwambia kaka yake, Noel. "Unaugusa unauona ni wako, lakini hausikii kitu."

Noel alikuwa fundi simu mjini Kiomboi, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Aliposikia hivyo alikuja na simu ya kugusa aliyoikarabati mwenyewe, kioo kimepasuka kwenye kona. Ndani yake alikuwa ameweka michezo ya kunoa akili. Alimweleza shemeji yake kwamba ubongo ni kama msuli, ukifanyishwa mazoezi unarudi, na kwamba watu wa nchi zilizoendelea wanacheza michezo hiyo kila siku na kujipima wenyewe bila kwenda hospitali. Bonifasi akasema sawa.

Michezo yenyewe haikuwa migumu kuielewa. Kulikuwa na kadi zinazofunuliwa mara moja kisha zinafunikwa, nawe unatafuta zinazofanana. Kulikuwa na kundi la ndege wanaoruka, unabonyeza upande anakoelekea yule wa katikati kabla hawajapotea. Kulikuwa na tarakimu zinazopita haraka, unazirudisha kinyumenyume. Na kila wiki kulikuwa na mtihani. Mtihani ulitaka mtandao, na kijijini kwao mtandao ulipatikana vizuri juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya shule tu. Ukimaliza mtihani, simu inakuchorea mstari wa maendeleo yako na kukulinganisha na watu wa umri wako duniani kote.

Mtihani wa kwanza ulimweka chini kabisa. Noel alimpa pole kama mtu aliyefiwa. Bonifasi aliutazama ule mstari akauliza kama ndiyo mwisho au kuna mtihani mwingine.

Akawa anacheza. Mtu mwingine angechoka, kwa maana kadi ni zilezile na ndege ni walewale. Bonifasi hakuchoka kwa sababu hakuna kilichokuwa kikimchosha wala kumfurahisha. Asubuhi alikaa kwenye kigoda nje ya nyumba na kucheza mpaka chaji ipungue. Asnath na watoto walilima bila yeye, kwa kuwa daktari alikuwa amemkataza jembe, naye hakuonekana kuona aibu wala kuona afadhali. Lakini mstari ulianza kupanda. Akaacha kutia chumvi mara mbili. Akitumwa dukani alirudi na kitu alichotumwa. Asnath alishukuru Mungu kwa hayo, na akaendelea kungoja hayo mengine.

Ndipo Stumai alipoanza kuja.

Stumai alikuwa mjane wa Gaspari. Tangu msiba hakuwa akitoka sana, na alipoanza kutoka, alitoka kuja kwa shemeji yake. Mara ya kwanza alikuja na kikapu cha viazi vitamu. Asnath alimwamkia shikamoo, Mama Eliya, akampa kiti, na Stumai akakaa akimtazama Bonifasi anavyobonyeza. Baada ya muda aliuliza kile kitu ni cha nini. Asnath akaeleza kwamba ni mazoezi ya kumrudishia akili na kumbukumbu.

"Kumbukumbu zote?" Stumai aliuliza.

Asnath, asijue la kusema, akasema ndivyo Noel alivyoeleza.

Tangu hapo Stumai hakukosa. Siku ya mtihani alipanda naye kwenye jiwe, akakaa pembeni akishika kanga yake isipeperushwe na upepo, akingoja mstari utokee. Ukiwa umepanda alishusha pumzi. Kisha aliuliza swali lilelile, kwa sauti ya chini, kama anayeuliza bei ya kitu asichokuwa na uwezo wa kukinunua.

"Shemeji, siku ile ilikuwaje Gaspari akawa ndani?"

Bonifasi alijibu kwamba hakumbuki.

Kijiji kizima kilijua kwa nini anauliza. Gaspari alikuwa na goti bovu. Kwa zaidi ya mwaka, ndugu hao walikuwa na mpango kwamba Bonifasi ndiye anayekwenda mwisho wa njia kupiga mwamba, na Gaspari anabaki karibu na mdomo akijaza mifuko. Mughwai, kila alipoulizwa, alisema walishuka asubuhi ile kama kawaida, kila mtu na nafasi yake. Lakini walipofukuliwa, nafasi zilikuwa zimebadilika. Aliyepaswa kuwa ndani alikuwa mlangoni, na mwenye goti bovu ndiye aliyekuwa ndani. Hakuna aliyemwambia Bonifasi usoni kwamba alimsukumia kaka yake kifo chake, ila maneno yalizunguka kisimani na kwenye mashine ya kusaga, mpaka Asnath akaacha kukaa na wanawake wenzake. Alipomweleza mumewe wanachosema watu, Bonifasi alisikiliza mpaka mwisho, akasema inawezekana.

"Inawezekana nini?"

"Kwamba nilimpeleka ndani. Sijui. Sikumbuki."

Alisema hivyo huku akitafuta chaja. Asnath alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba kwa muda mrefu. Baadaye alimwambia Noel kwamba angefurahi hata kama mumewe angemtukana.

Mahindi yalipoanza kutoa mbelewele walirudi Kiomboi, siku ya kuonwa na daktari. Daktari alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti tulivu. Alimpima macho, akamtembeza kwenye mstari, akampiga magoti kwa kinyundo. Asnath akamwomba Bonifasi aonyeshe simu. Daktari aliutazama ule mstari unaopanda, akatabasamu, akasema umakini umeongezeka kweli, hata yeye anauona. Kisha akaweka simu mezani.

"Lakini msije mkaidai zaidi ya inachoweza," alisema. "Mchezo wa kadi unamfanya awe hodari wa kadi. Inamsaidia kutulia, kufuata jambo moja, na hiyo ni faida. Ila ile ajali haitatoka humu."

Asnath aliuliza kama itachukua muda.

"Mama, kumbukumbu ya ile saa haijafichwa mahali ikisubiri kutafutwa. Alipigwa kichwani kabla ubongo haujaihifadhi. Haipo."

Bonifasi mwenyewe hakuuliza kitu. Asnath ndiye aliyeuliza, akiinamisha kichwa, kuhusu kutolia, kutokasirika, kutojali. Daktari alimtazama Bonifasi kwanza, kama anayemwomba ruhusa, ndipo akajibu kwamba huenda ni jeraha, huenda ni msiba, huenda vyote viwili. Kwa wengine hisia hurudi polepole. Kwa wengine hazirudi zote. Hakuwa na dawa ya kumpa.

Kwenye gari la kurudi Asnath alikaa dirishani. Walipokaribia nyumbani alimwomba mumewe asimwambie Stumai maneno ya daktari. Mama wa watu alikuwa amekonda, alisema, na kupanda lile jiwe ndicho kitu pekee kinachomtoa kitandani. Bonifasi akakubali. Kukubali kulikuwa rahisi kuliko kukataa.

Kwa hiyo Stumai aliendelea kuja, na mstari ukaendelea kupanda, na swali likaendelea kuulizwa. Mpaka siku moja, alizeti zikiwa zimeinamisha vichwa shambani, mtihani ulipomalizika simu ilirusha nyota za rangi na kupiga muziki. Stumai alishtuka akadhani imeharibika. Maandishi yalisema Bonifasi amepita watu wengi wa umri wake na kwamba ubongo wake ni wa kijana. Noel alipotumiwa picha ya maandishi hayo alipiga simu akicheka mpaka akakohoa, akamwambia kila aliyefika kibandani kwake. Kufikia jioni habari zilikuwa zimerudi kijijini zikiwa zimenona: Bonifasi amepona, akili imerudi yote, simu imesema.

Kesho yake Mughwai alipita, akasimama uani, akasema kama mambo yameshakuwa mazuri wanaweza kuangalia duara jingine baada ya mavuno. Hakuuliza zaidi. Alikuwa mtu wa kuona haya, na tangu ajali alikuwa hakai sana mahali palipo na Bonifasi.

Stumai alikuja mchana. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kilemba kilichonyooshwa, amebeba bakuli la kuku lililofungwa kitambaa. Asnath alimpokea bakuli, akabaki nalo mkononi, kwa sababu alijua kinachokuja. Bonifasi aliwekwa kwenye kiti, Stumai akakaa kwenye kigoda mbele yake, karibu, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Shemeji," alisema, "simu imesema umepona."

"Imesema hivyo."

"Basi niambie. Kwa nini Gaspari alikuwa ndani?"

Maneno ya daktari yalikuwepo, Bonifasi ameyahifadhi vizuri. Kwa kweli siku hizo alikuwa akihifadhi kila kitu. Alikuwa akitafuta pa kuyaanzia. Stumai akadhani anamficha.

"Usiniogope," alisema. "Najua watu wanasema nakuja hapa kukushtaki. Sijaja kukushtaki. Asubuhi ile mimi nilimsema vibaya. Alikuwa anachelewa kuamka, analalamikia goti. Nikamwambia, mdogo wako anakufa kwa kazi wewe umekaa mlangoni unajaza mifuko kama mwanamke, huoni aibu? Nilimwambia hivyo mbele ya Eliya. Alichukua kofia akatoka."

Alikuwa akisema huku anatazama mikono yake mwenyewe.

"Nataka kujua kama aliingia ndani kwa sababu yangu. Kama alikwambia, leo usinifiche. Kama ni maneno yangu yaliyomfikisha kule, niambie tu. Kutojua kumenishinda."

Asnath alikuwa mlangoni na lile bakuli, hajaliweka chini. Aliona mumewe anamtazama Stumai kama anavyotazama kadi kabla hazijafunikwa.

Bonifasi alikuwa anafikiri, na alifikiri kwa utulivu sana. Aliona kwamba mbele yake kuna mzigo, na kwamba yule mwanamke hauwezi, umeshamla mashavu. Aliona pia kwamba mzigo huohuo akiuchukua yeye hautamwelemea, kwa sababu hakuna kitu kilichokuwa kikimwelemea. Watu walikuwa wameshasema ni yeye. Aliposikia hayo hayakumuuma. Yakithibitishwa hayatamuuma pia. Na huenda ikawa kweli. Nani alikuwa na uhakika wa kumpinga? Jambo lilionekana jepesi, kama kumpokea mtu ndoo njiani.

"Nimekumbuka," alisema.

Stumai aliinua uso.

"Hakuniambia habari zako. Mimi ndiye niliyemwomba. Mgongo uliniuma, nikamwambia tubadilishane kidogo. Alisema goti halimsumbui sana siku hiyo. Akaingia."

"Hakusema kitu kingine?"

"Hakusema. Alikuwa anapiga mluzi."

Mluzi aliuongeza mwenyewe, kwa kuwa Gaspari alikuwa mtu wa mluzi. Stumai aliufunika uso kwa kilemba chake. Alilia kwa namna ambayo Asnath hakuwa ameisikia hata siku ya mazishi, bila sauti kubwa, mwili mzima ukilegea, kama mtu aliyeteremshwa kutoka mahali pa juu. Bonifasi alikaa akimngojea amalize. Alipomaliza, Stumai alijifuta, akamtazama tena, na ndani ya macho yake kitu kikaanza kubadilika. Aliondoka bila kuaga. Bakuli lake lilibaki.

Asnath aliliweka chini.

"Daktari alisema haipo," alimwambia mumewe.

"Haipo."

"Sasa umefanya nini?"

"Alitaka kujua."

"Una watoto, Bonifasi. Kesho wataambiwa shuleni kwamba baba yao amemuua ndugu yake."

Bonifasi alilifikiria hilo pia, akasema kwamba wameshaambiwa. Asnath alitaka kupiga kelele, na akatambua kwamba hata yeye hana kelele tena. Ni yeye aliyekuwa ameomba maneno ya daktari yafichwe. Akaenda kumimina mchuzi kwenye sahani, wakala kuku wa Stumai.

Kilichotokea baadaye ni kile Asnath alichokiogopa, ila kilikuja taratibu. Hakuna aliyewapiga wala kuwafukuza. Stumai aliwaambia ndugu, na ndugu wakawaambia wengine. Kanisani watu waliacha nafasi kwenye benchi lao. Mughwai alituma neno kwamba ameshapata mtu mwingine wa kuchimba naye. Ndugu yao mmoja, mtoto wa mama mkubwa, alikuja akasimama uani, akamwambia Bonifasi kwamba goti la mwenzake alilijua na bado alimpeleka. Bonifasi alisema ndiyo, alilijua. Yule bwana alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Alipokosa wa kubishana naye akaondoka.

Stumai mwenyewe aliinuka. Hilo kila mtu aliliona. Alianza kula, akaenda shambani, akaonekana sokoni akikemea mtu kwa bei ya debe la mtama. Hasira ilimpa nguvu ambayo huzuni ilikuwa imemnyima. Akikutana na Bonifasi njiani aligeuza uso upande wa pili na kuongeza mwendo. Bonifasi aliendelea na michezo yake. Alikuwa hana tena wa kupanda naye kwenye jiwe.

Ilikuwa wakati wa kuvuna alizeti. Bonifasi alikuwa ameruhusiwa kazi nyepesi, naye alikuwa akikata vichwa vya alizeti na kuvitandaza juani. Jioni alipokuwa akirudi, kwenye njia nyembamba kati ya mashamba mawili, alikutana na Stumai amebeba kuni. Hapakuwa na pa kupishana. Stumai alisimama, akamwangalia mara moja tu, kisha akaingia kwenye mabua ya shamba la watu, na kuni zake kichwani, akikwaruzwa miguu, ili asipite karibu naye.

Bonifasi aliendelea kutembea. Hatua chache mbele alisimama, kwa kuwa kifua kilikuwa kimebana. Alidhani ni ugonjwa. Aliweka mkono pale, akavuta pumzi, na pumzi ikagoma katikati. Akamwona Gaspari. Si Gaspari wa shimoni, ambaye hakuwa naye kichwani, bali Gaspari wa zamani kidogo, akimsogelea Stumai kwa nyuma jikoni na kumpulizia mluzi sikioni mpaka mwanamke anampiga kwa mwiko huku anacheka. Alikaa chini palepale njiani. Alikumbuka kwamba katika nyumba ile alikuwa akila bila kukaribishwa. Alikumbuka kwamba Stumai ndiye aliyemfulia nguo za harusi.

Asnath alimkuta giza likianza kuingia, alipotoka kumtafuta. Alidhani ameanguka. Alipomshika bega aliona uso umelowa.

"Nini? Kichwa?"

"Haniangalii," Bonifasi alisema. "Stumai. Amepita kwenye mabua."

Asnath alichuchumaa pembeni yake. Kwa miezi mingi alikuwa ameomba siku hii ije, na sasa imekuja hakujua aishike wapi. Hakuona furaha yoyote. Alimwacha alie, na alipotulia alimuuliza kitu ambacho kilikuwa rohoni mwake tangu siku ya bakuli.

"Utamwambia ukweli?"

Sasa ule mzigo ulikuwa na uzito, na Bonifasi alikuwa akiupima kwa mara ya kwanza. Akimwambia Stumai kwamba alidanganya, macho yale yangerudi kumwangalia. Lakini Stumai angerudi kule alikokuwa, kwenye asubuhi ile ya kofia, mbele ya Eliya.

"Sitamwambia," alisema.

"Utaweza?"

"Sijui."

Walinyanyuka wakaenda nyumbani. Wiki ile alipojaribu kucheza, kadi zilimchanganya. Alikuwa akifunua moja na kuwaza mambo mengine mpaka zote zinafunikwa. Noel alipoona mstari umeshuka alipiga simu kwa wasiwasi akamtaka aongeze mazoezi. Bonifasi akamwambia aje achukue simu yake, kuna wagonjwa wengine.

Asubuhi moja baada ya hapo alikwenda kwenye shamba la Stumai kabla jua halijapanda. Alizeti zilikuwa bado zimesimama, kwa kuwa mwenye shamba hakuwa na mwanaume wa kumsaidia na watoto walikuwa shuleni. Alianza kukata kutoka mpaka wa mashariki. Stumai alifika na kisu chake, akamwona, akasimama kwenye ukingo wa shamba kwa muda. Bonifasi aliinama zaidi na kuendelea. Alikuwa akingoja afukuzwe, na kungoja kule kulimuuma.

Stumai hakumsalimu. Alikwenda mpaka wa magharibi, akaanza kukata kutoka huko.